Wenzake Deo wa Kazi, Wasimame

Jumapili. Mvua imenyesha tangu asubuhi, ikakatika tulipofika kwenye kilio, kama vile nayo ilikuja kutoa pole tu kisha iende zake.

Jana Deo alimzika mama yake. Deo ni wetu: tuko pamoja kwenye kikundi cha kudai maji hapa Kadutu, na ndiye anayefika wa kwanza kwenye kila mkutano na kupanga viti. Mimi nina kibanda cha kuchaji simu. Masomo sikuyamaliza, lakini watu ninawasoma. Bukavu hii, mtu anayewahi mkutanoni ni mwenye nyumba, ama ni mtu mwenye lake. Kwa Deo nilijiambia: labda alilelewa vizuri.

Anamwita kila mtu yaya, yaani mkubwa wake, hata waliozaliwa nyuma yake. Utafanya nini na mtu kama huyo? Nilimpenda.

Leo chini ya hema tonton yake, mjomba wake, ndiye alikuwa protokole, akiita kila kundi lisimame lijulikane. Kwaya ya parokia. Majirani. Sisi wa maji. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyesomesha mtoto akaona matunda:

"Na sasa wenzake Deo wa kazi, ba service ya renseignements! Basimame, tubaone!"

Renseignements: wapelelezi wa serikali. Deo alituambia hana kazi.

Wanaume waliokaa kwenye kona wakatazamana. Wakasimama polepole, kama wanafunzi walioitwa ubaoni.

"Aksanti ba papa," maman mmoja akawaambia kwa moyo wote. "Mungu abariki kazi yenu."

Yule mrefu nilimtambua. Ndiye aliyemkamata Furaha, dada anayetuongoza, kwenye maandamano yaliyopita. Walikuwa wanatungoja palepale tulipopanga kuanzia, na kwa muda mrefu tulijiuliza nani alisema.

Furaha alikuwa anagawa chai. Alisimama na birika mkononi, na kusema kweli nililiogopa lile birika. Kisha akaenda moja kwa moja kwa yule mrefu.

"Papa, sukari?"

"Kidogo tu, maman." Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Tia mingi. Ile chai ya kwenu kule ndani haikukuwa na sukari."

Akatia mingi.

Deo alitusindikiza mpaka barabarani, kama inavyofaa. Hakuomba msamaha, wala sisi hatukumuuliza kitu. Alikuwa anatetemeka kwa baridi; Furaha akavua kitenge chake akamfunika mabegani. Hapo ndipo Deo aliposema chinichini:

"Yaya, Samedi musianzie kwa soko."

Jumamosi ndiyo tunaandamana tena, na tulipanga kuanzia sokoni. Akageuka, akarudi kwa wageni wake.

Ni huruma, ama ni kazi tena?

"Tutabadilisha mahali," Furaha aliniambia tukipanda kilima. "Na yeye asijue." Baada ya hatua chache: "Lakini siku ya kuondoa kilio tutakuja wote." Alikuwa anajifuta macho. Alisema ni moshi. Hakukuwa na moshi.

Kwa hiyo Deo hatakuja tena mikutanoni, na ni mimi nitakayemwambia. Nimeanza kuyafanyia mazoezi maneno yenyewe. Ninaanza na "mdogo wangu", na hapo hapo ninakwama.

Jumanne nitawahi mkutanoni. Lazima mtu apange viti.

Wakianza kunishuku, sitawalaumu.