Kikombe Nilichonusa Asubuhi

Weldon,

Maharagwe yako jikoni, uongeze maji. Ng'ombe nimeshakama. Gari ya majani inafika kituoni saa nane, usiache chai yetu ilale kwa gunia. Mimi nimeenda Litein kwa shangazi yako, narudi jioni.

Asubuhi uliniona nikinusa kikombe chako. Ilikuwa mursik tu, maziwa ya kugandisha, ile nilikutengenezea mwenyewe kwa kibuyu. Lakini ikilala kwa kikombe inanuka uchachu kama pombe ya busaa, na mkono wangu ulifika hapo kabla sijafikiria. Ulichukua kikapu ukaenda kuchuna bila kunywa chai. Heri ungenigombeza.

Marehemu baba yako nilimnusia vikombe miaka kumi na moja. Siku ile ya mvua nilimfungia mlango, nikamwambia arudi akiwa mtu. Alipatikana kwa mtaro, chini ya shamba letu la chai. Mpaka leo mvua ikigonga mabati, mimi huenda kufungua mlango. Hakuna mtu.

Wewe umeacha pombe mwaka mzima na miezi miwili. ~~Ukirudia tu, usikanyage~~ Hapana. Hata ukirudia, kuja nyumbani. Kuja vile uko. Komeo la mlango nimeling'oa. Ndilo hili nimewekelea karatasi isipeperuke.

Nimekumiminia mursik ingine, nikafunika na sahani. ~~Sijainusa.~~

Nimeinusa. Nivumilie, hata mimi bado napona.

Mama