Sindano ya Mama Mshonaji

Jumatatu, 3 Juni
Mimi, muuguzi mwenye miaka kumi na mmoja kazini, nimemchoma mtu penisilini na ana aleji nayo! Mama mshonaji, mgonjwa wetu wa siku nyingi. Hata bomba sijalitupa — midomo imevimba, pumzi inakata. Daktari mzee akaja mbio, akamchoma dawa ya kumwokoa. Mzima. Ilibaki kidogo tu.
Mwezi wa tatu ilitokea hivihivi, kwa mgonjwa mwingine. Mwenzangu akafukuzwa, sisi tukajiona wasafi. Sasa zamu yangu.

Jumanne, 4 Juni
Nimeingia kwa mkuu wa kliniki na barua ya kuacha kazi mkobani. Kumbe hatafuti nani wa kulaumiwa. Anataka kujua ilikuwaje. "Anza pale uliposhika kadi."
Tukaitoa kadi yenyewe. Onyo la aleji lipo! Ndani, ukurasa wa kwanza — na majibu ya maabara yamepigwa stepla juu yake. Karani wa mapokezi akashika kichwa: huyabana hapo kila siku, ndivyo alivyofundishwa. Tukatoa na ya mwezi wa tatu. Vilevile. Nililia mbele za watu. Mkuu kampigia mwenzangu simu, kamwomba radhi, kamwomba arudi. Anafikiria.

Alhamisi, 6 Juni
Nimekwenda kwa mama mshonaji. Nimemweleza yote, bila kuzungukazunguka. Anakanyaga cherehani tu. Halafu: "Mwanangu, mbona hukuniuliza? Mdomo si ninao?"
Nilikosa pa kuficha uso. Ila ana haki.
Mchana tumekubaliana: stika nyekundu ya aleji kwenye jalada la kadi, na kabla ya sindano mgonjwa aulizwe kwa sauti. Daktari mzee anaguna — foleni itafika barabarani.

Jumatatu, 17 Juni
Naandika nimesimama, chumba cha sindano. Mzee mmoja, kadi mpya, haina stika. Daktari mzee kamuuliza: huna aleji? Mzee kaitikia kwa kichwa. Hamna shida? Kaitikia tena. Sindano ikainuliwa.
"Daktari, ngoja!" Karani, mlangoni! "Shikamoo, lakini huyu hasikii. Pale kwangu pia aliitikia kila kitu."
Nikajua atafokewa.
Daktari akaishusha sindano kwenye trei. Binti wa mzee kapigiwa simu, yuko njiani. Foleni inalalamika. Na daktari mzee kavuta kiti, kakaa, kakunja mikono, anasubiri —