Pazia ya Raphaël

Bukavu, 8 Desemba 1977

Yaya Pascal,

Mvua inanyesha kila siku, lakini tuko wazima. Mutoto wetu Delphine ameng'oka jino la mbele.

Bwana yangu Raphaël alikuwa anafundisha wanafunzi wake maisha ya Muamerika mumoja wa zamani, meya aliyepigana miaka makumi mbili ili kila mutu apige kura kwa siri. Wakubwa walimuangusha mara tatu, akakufa bila kazi. Raphaël alimupenda sana.

Siku ya kura yetu hapa, mbele ya watu wote, walimunyooshea Raphaël karte ya kijani, ile ya kusema «ndiyo» kwa Président. Akauliza kwa heshima: «Citoyen, pazia iko wapi, nichague kwa siri?» Watu walicheka. Mukubwa wa kura hakucheka. Aliandika jina lake.

Kesho yake wanaume wawili walikuja, wakaniita maman kwa upole, wakaenda naye. «Ni dakika tano tu.» Leo ni siku ya sita. Kila asubui nabeba chakula kwenye ofisi yao, na wanasema hawamujui.

Jumamosi nitakutumia watoto huko Luberizi. Usinijibu kwa posta.

Jana directeur wa masomo aliweka mwalimu mwengine katika darasa ya Raphaël. Hakuniuliza atarudi lini.

Mudogo wako,
Emérence