Korosho Kwenye Ndoo

Nkowe, 14 Novemba

Kaka Habibu, shikamoo.

Tangu Jumapili nasikia korosho zikidondoka kwenye ndoo, moja moja. Nilizisikia kwenye simu wakati mdogo wetu Mfaume akiniambia yuko kwenye ushauri nasaha, katika ile nyumba ya kuacha pombe uliyomtafutia Nachingwea.

Mama hajambo. Mvua bado.

Jana nilikwenda bila taarifa. Nilimkuta shambani kwa msimamizi wa nyumba ile, akitenganisha korosho na mabibo, vidole vimebabuka kwa utomvu. Pembeni yake mabibo yalikuwa yanachachushwa kwenye pipa, yawe uraka, pombe ile ile iliyomfikisha pale.

"Hii ndiyo tiba ya kazi, dada," msimamizi akacheka. "Kwani kaka yako hakukwambia? Tulikubaliana."

Niliomba faili la Mfaume. Vikao vya ushauri vilikuwa vimeshaandikwa hadi mwisho wa Desemba, vyote "anaendelea vizuri".

Mlichokubaliana utanieleza ukija. Kwa simu usinieleze.

Nilimpakia Mfaume kwenye bodaboda, tukaondoka. Leo asubuhi nimemwandikisha kliniki ya afya ya akili Ruangwa. Palipoulizwa ndugu wa kuwasiliana naye, nimeandika jina langu peke yake.

Mdogo wako,
Zulfa