Wageni Kumi na Wanne Walioanza na Shikamoo

Mpendwa Mama Valentina,

Naomba msaada wako, lakini kabla ya msaada naomba radhi kwa kimya cha miaka kumi. Mwaka 1998, nilipokuwa nakaribia kustaafu ualimu, nilikuandikia katika safu hii kukuuliza kama ni busara kujenga nyumba ya kulala wageni hapa Ruangwa, nawe ukanijibu kwamba nijenge, ila kwa sharti moja, nami nikaahidi kukuletea habari baada ya mwaka. Nyumba nimeijenga. Habari sikuleta, kwa sababu lile sharti sikulitimiza, na mtu asiyetimiza sharti hukwepa kuandika barua.

Nyumba ina vyumba saba, vyandarua vyake havina tundu hata moja, na jikoni yumo mke wangu Mwamina, ambaye kisamvu chake huwafanya wanunuzi wa dhahabu wanaokwenda Namungo walale hapa hata kama safari yao ingeweza kuisha siku hiyohiyo. Mlangoni nakaa mimi. Nawapokea wageni, nawaandikisha, nawasomea kanuni za nyumba, ambazo ni thelathini na moja na nimezibandika katika kila chumba, na pale mgeni anapokosea Kiswahili humrekebisha papo hapo, bila ukali, kama nilivyofanya kwa miaka thelathini na miwili katika shule za Mnero na Narung'ombe.

Mwezi wa tano mwaka huu alikuja dada mmoja aitwaye Eva, mratibu wa shirika linalochimba visima vijijini, akasema wana wafanyakazi kumi na wawili watakaohitaji kukaa Ruangwa miezi minane, na nyumba zinazofaa ni mbili tu, yangu na ya Bwana Abdala kule stendi. Mama, kwa nyumba yenye vyumba saba, wageni kumi na wawili kwa miezi minane ni jambo ambalo halitokei mara mbili katika maisha ya mzee. Nikamwambia achague chumba chochote akikague. Akaniambia, "Mwalimu, vyumba nimeviona, ni safi. Lakini ofisi yetu ya Dar es Salaam hutazama kwanza kwenye intaneti wageni wamesema nini." Nikamjibu kwamba wageni wangu hawasemi kitu, hulala, hula, huondoka. Ndipo akatoa karatasi aliyoichapa huko mjini, akanionyesha kwamba iko tovuti ambamo wasafiri huzipa nyumba za wageni nyota kuanzia moja hadi tano, na kwamba nyumba yangu ina nyota mbili. Ya Abdala ina nne.

Maoni yalikuwa matatu. Wa kwanza aliandika: "Kitanda kizuri. Kisamvu cha mama ni kitamu kuliko cha mama yangu, naye asisikie. Lakini mwenye nyumba alinisahihisha mara nne kabla sijanywa chai, kisha akaniuliza kwa nini sijaoa." Wa pili aliandika: "Nilidhani nimemaliza shule. Maji ya kuoga baridi." Wa tatu aliandika: "Kanuni ya 17 inakataza kupiga miayo sebuleni."

Mwamina alicheka mpaka akaketi chini. "Umesikia walivyokisifu kisamvu changu?" akaniuliza.

"Nimesikia nyota mbili," nikamjibu.

Sasa nakuja kwenye kosa, na naomba ulisome ukiwa umeketi. Nilichukua daftari nikaandika sifa kumi na nne za nyumba yangu, kila moja kwa maneno tofauti na bila kosa hata moja, kisha nikawaita wanafunzi wangu wa zamani kumi na wanne, watu wazima wenye watoto wao, akiwemo Ausi ambaye sasa ni seremala Narung'ombe, na Prisca anayefanya kazi katika zahanati, nikampa kila mmoja karatasi yake na kumweleza kwamba ajitambulishe kama msafiri aliyetoka mbali. Jumamosi iliyofuata mashabiki wa mpira wa Namungo walikuwa wamekodi lori kwenda kwenye mechi Nachingwea, wanafunzi wangu wakapanda humo, na kabla mpira haujaanza wakaingia katika duka la intaneti la binti aitwaye Asmaa, ambaye aliwasaidia kuchapa mmoja baada ya mwingine. Waliporudi jioni wakaniambia kazi imekwisha, na tena timu imeshinda. Nililala kama mtu mwenye nyota tano.

Wiki mbili zilizopita Eva alirudi na karatasi nyingine, akiwa amejiziba mdomo kwa mkono. "Mwalimu," akasema, "naomba nikusomee." Akasoma: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mtalii kutoka Mwanza na sijawahi kufika Ruangwa kabla ya hapo. Vyumba vinapendeza." Huyo ni Ausi. Akasoma tena: "Shikamoo Mwalimu Hamidi. Mimi ni mfanyabiashara wa Arusha. Nyumba ni tulivu. Nakumbuka uliponichapa fimbo mbili kwa kuchelewa namba, na leo nakushukuru." Kati ya wasafiri kumi na wanne, kumi na mmoja walikuwa wameniamkia. Maneno yangu waliyanakili vizuri, Mama, lakini hakuna aliyeweza kulitaja jina la mwalimu wake bila kumwamkia kwanza. Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo.

Eva hakugomba. Aliniuliza tu, "Mwalimu, hawa wote walilala hapa?" Nikasema nitamjibu. Akasema atarudi tarehe thelathini mwezi huu wa nane, na siku hiyo ndiyo atakayoamua watu wake wakae wapi.

Mwamina alikuwa amesimama mlangoni na ndoo. Eva alipoondoka akaniambia, "Mume wangu, shuka za nyumba hii nazifua mimi. Watu kumi na wanne wamelala wapi nisifue shuka zao?" Kisha akaweka funguo za jikoni mezani, akasema kwamba nikimwambia yule dada kuwa hao ni wageni wa kweli, basi wafanyakazi kumi na wawili nitawapikia mimi. Nami, Mama, hata chai huwa naiunguza.

Naomba uniambie nifanye nini. Nikikiri, Eva atawapeleka watu wake kwa Abdala, ambaye nyota zake nne sina ushahidi nazo, ila najua ana binamu wengi. Nikinyamaza, pengine atapuuza, kwa sababu wanafunzi hao wote wamewahi kula kwangu siku moja au nyingine, na sifa walizoandika si za uongo kwa asilimia zote. Nimefikiri pia kwamba wewe, ambaye jina lako linajulikana kusini yote, ungeweza kuandika sentensi chache kuhusu nyumba yangu katika tovuti ile. Ili nisikuchoshe, nimekuandalia maneno yenyewe, nimeyaambatisha.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu Hamidi, Ruangwa.

*

Mwalimu Hamidi,

Radhi nimeipokea. Barua yako ya 1998 ninayo bado, na jibu langu pia. Nilikuandikia hivi: "Jenga, lakini Mwamina awapokee wageni, nawe ushike bustani na paa." Miaka kumi baadaye wageni watatu wasiojuana, ambao hawajawahi kulisoma gazeti hili, wamekuandikia jambo lilelile. Mmoja amekupa hata namba ya kanuni.

Nilicheka niliposoma habari za mtalii wa Mwanza. Nilicheka peke yangu hapa ofisini mpaka mhariri akachungulia. Lakini usidhani kicheko changu ni msamaha. Uliwatuma watu wanaokuheshimu kwenda kusema uongo kwa niaba yako, na heshima hiyohiyo ndiyo iliyokuumbua. Ulitaka nini zaidi? Uliwafundisha vizuri kiasi kwamba hata uongo wako wameshindwa kuusema bila adabu. Wangekuwa watoto wa mwalimu mbovu, leo ungekuwa na nyota tano na mke asiyekuamini.

Usimguse Abdala. Binamu zake si somo lako.

Sasa nisikilize, na usinyanyue kalamu nyekundu mpaka nimalize.

Hutangoja tarehe thelathini. Utamfuata Eva wewe mwenyewe kabla hajaja kwako, na utamwambia: "Hawakulala hapa. Niliwaandikia mimi." Maneno hayo yanatosha. Usimweleze kwamba walikula kwako siku moja au nyingine, wala asilimia. Mwalimu aliyekamata mtoto akinakili mtihani hakuwahi kukubali utetezi kwamba nusu ya majibu ni sahihi. Huyo dada amekwisha kujua. Kinachobaki ni yeye kuona kama wewe nawe ni mtu wa kusema kweli. Watu wake watakaa nyumbani kwako miezi minane. Kabla ya kitanda, anataka kujua kama ukimwambia bomba limetengenezwa, limetengenezwa kweli.

Kisha nenda Nachingwea. Uende mwenyewe, si kwa lori la mashabiki. Binti Asmaa atakuonyesha namna ya kuyaondoa maoni yale, na kama kila mwandishi lazima ayaondoe kwa neno lake la siri, waite wote kumi na wanne, uwaombe radhi mbele ya kila mmoja. Ndiyo, uwaombe wewe. Watakuamkia tu, usihofu.

Yale maoni matatu ya kweli usiyaguse hata moja. Hayo ndiyo mali uliyonayo. Chini ya kila moja andika jibu fupi, na hapa nakuonya kwa sababu nakufahamu: usimrekebishe mtu sarufi. Yule wa maji baridi mwambie samahani, na kwamba kuanzia sasa kila mgeni atapata ndoo ya maji ya moto saa kumi na mbili asubuhi. Kabla hujaandika hivyo, hakikisha kuni zipo na ndoo zipo, maana jibu zuri juu ya maji yasiyochemshwa ni uongo wa kumi na tano. Yule aliyeulizwa kwa nini hajaoa, mwambie samahani na uishie hapo. Usimuulize kama ameshaoa.

Kanuni thelathini na moja zibandue zote leo. Bakiza tatu: funguo, taa na usafi wa choo. Mtu aliyetoka Masasi na vumbi mpaka kwenye masikio ana haki ya kupiga miayo sebuleni.

Na sharti langu la 1998 halijafutwa. Mwamina akae mlangoni. Hao wasafiri watatu walikunyima nyota wewe, lakini wa kwanza wao kisamvu alikiandika kwa furaha, na huo ndio mwanzo wa nyota zako zote zijazo. Tafuta mtu wa kumsaidia jikoni ili aweze kutoka kuwapokea. Wewe jioni, mgeni akipenda mazungumzo, keti naye umsimulie habari za Mnero na Narung'ombe. Naamini unazo nyingi, na naamini zinachekesha ukisahau kwamba uko darasani. Mgeni anapoondoka asubuhi, Mwamina amwambie hivi tu: "Kama ulipendezwa, waambie wenzako. Kama hukupendezwa, tuambie sisi." Wanaotaka kuandika wataandika. Wasiotaka, waende salama. Nyota zitakuja polepole, kama mikorosho, na kama mikorosho zikishashika hazing'oki kwa upepo mmoja.

Kama Eva atawapeleka watu wake kwa Abdala, utawaacha waende, na hutasema neno baya sokoni. Miezi minane itapita. Nyumba yako itakuwepo, shuka zitakuwa zinahesabika, na funguo za jikoni zitakuwa zimerudi kiunoni kwa mwenyewe. Hizo funguo, Mwalimu, ndizo zilizonitia wasiwasi kuliko nyota. Zirudishe kwa mkono wako leo jioni, na umwambie Mwamina kwamba kuhusu shuka alikuwa na haki.

Inabaki ile karatasi uliyoniandalia. Nimeisoma. Inasema kwamba nililala kwako usiku wenye utulivu na kwamba mwenye nyumba ni "mtu wa maneno machache." Mimi sijawahi kufika Ruangwa, na barua yako ina kurasa sita. Nimeirudisha ndani ya bahasha.

Lakini mwezi wa tisa nina safari ya kumwona dada yangu Mnero, na nitapitia kwenu. Sitataja jina langu mlangoni. Nitalala kwa fedha yangu, nitaoga maji yatakayokuwepo, nitakula kisamvu, na nitapiga miayo sebuleni nione kitakachotokea. Nikishaamua ni nyota ngapi, nitaandika. Ila sitaanza na shikamoo. Kwa umri wangu, hiyo utanipa wewe.

Mama Valentina