Labda Giza Halipo

Dada Kabula, Mihayo amewaambia Wazungu kwamba giza lao halipo! Amesimama mbele ya maprofesa wake, wazee wa mvi na miwani, akawaambia hivyo usoni, wala hakutetemeka. Na huyo ni mwanangu mimi, niliyeishia darasa la nne. Tumbo hili hili.

Haya, sasa shikamoo. Nisamehe nimetanguliza habari kabla ya salamu, ila ningekaa nayo ingenipasua kifua. Mguu wako unaendeleaje, ule uliokuwa unawaka moto ukipanda kilima? Na huko nyumbani Maswa mmevuna? Sisi huku Kabungu mahindi yamejaa mpaka vihenge vinalalamika, Mungu hakutunyima, ila kuyala kwa raha ndiyo hatuyali. Mimi ni mzima, Limi binti yangu ni mzima. Ya Baba Mihayo utayasoma mbele.

Kwanza nikueleze hilo giza, maana nikikuandikia nusu utanifokea. Unajua Mihayo yuko Ulaya anasomea nyota, daraja lile la juu kabisa la kuitwa daktari bila sindano. Sasa wasomi wa nyota walipima makundi ya nyota wakaona zile za pembeni zinakwenda mbio mno. Kwa mbio zile zilitakiwa zichomoke zitawanyike, kwa sababu uzito wanaouona hautoshi kuzishika. Wakasema basi kuna kitu kingine kizito, hakiwaki wala hakionekani, ndicho kinazishika. Wakakiita maada ya giza. Juzi juzi wameongeza na giza la pili, nishati ya giza. La kwanza linavuta, la pili linasukuma. Na hakuna hata mmoja wao aliyelishika mkononi, hata punje.

Barua yake ya kwanza yenye maneno hayo ilipofika, niliibeba mpaka kwenye mashine ya kusaga. Wanawake wamepanga ndoo zao, na mimi nikasema kwa sauti ya kusikika, "Wa kwenu wanasomea ualimu. Wangu anasomea giza." Mke wa Nkwabi, huyu jirani yetu mwenye ng'ombe wengi, akaniuliza, "Giza gani tena, Mama Mihayo?" Nikamjibu, "Lile lenye nguvu. Hulioni, lakini limeshika vyote." Dada, nilikuwa najisifu tu, unanijua. Nilisahau kwamba sisi tukisema mtu ana mambo ya giza, hatusemi nyota.

Masika yaliyofuata ng'ombe wa Nkwabi wakaanza kufa. Wanazunguka, wanatoa povu, wanaanguka. Nkwabi hakumwita bwana mifugo. Aliuliza tu pale kijijini ni nani mwenye giza, na wote walikuwa na jibu, nilishawapa mwenyewe. Sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, wakakaa baraza, wakanitenga.

Kutengwa unakujua kwa kusikia. Nikifika mashineni mwenye mashine anazima injini mpaka niondoke. Duka haliniuzii chumvi. Anayenisalimia anatozwa faini. Siku moja Limi alikwenda kuomba moto, mke wa Nkwabi akampa kaa zuri, jekundu, akamwekea kwenye kigae kwa mkono wake. Akamwacha apige hatua tatu. "Limi, subiri mwanangu." Akalimwagia maji. Limi alirudi na kigae chenye majivu mabichi, hakulia, alikiweka tu jikoni kama vile ameleta moto.

Nilikuandikia kwamba mama mkwe alifariki. Sikukuandikia ni nani aliyechimba kaburi. Tulichimba Baba Mihayo, mimi na Limi. Wanaume wa kijiji walikaa ng'ambo ya barabara, majembe yako miguuni pao, wanatuangalia tunavyohema. Mmoja akapaza sauti, "Mwiteni yule wa Ulaya, giza lake lije lichimbe!" Wakacheka, na bibi wa watu amelala hapo ndani ya shuka. Wiki iliyofuata Baba Mihayo akaswaga ng'ombe wote akaenda Ilembo kwa mke mdogo. Hakuniaga vibaya. Alisema, "Mama Mihayo, ng'ombe hawajui kutengwa, wao wanataka majani." Nikamfungulia zizi mwenyewe.

Basi mwezi uliopita ikaja barua nyingine ya Mihayo, ndiyo hii iliyonirudishia damu mwilini. Nakunakilia kipande:

"Mama, jifanye mgeni, umekaa juu ya kilima unaangalia ng'ombe wa baba wakihamia malisho mapya. Wale wa pembeni wanakimbia, lakini hawalikimbii kundi. Wewe mchungaji humwoni. Utasema yupo mchungaji asiyeonekana. Inawezekana. Lakini inawezekana pia kwamba hujawajua ng'ombe. Walimu wangu kila hesabu ikikataa wanaongeza mchungaji. Mimi nauliza tu, je, kanuni yetu ya uzito, tuliyoipima hapa karibu, ni lazima iwe hiyo hiyo kule mbali? Sisemi kwa yakini, mama. Nasema labda giza halipo."

Anaendelea kusema wenzake wamehama meza yake ya chakula. Mwalimu wake mkuu amemwambia aitoe sura hiyo kwenye kitabu chake au aondoke bila cheti. Amekataa kuitoa. "Narudi nyumbani mikono mitupu, mama, usinionee aibu." Dada, kumbe na Ulaya wanatenga! Nimwonee aibu mimi? Nilizunguka nyumba mara tatu nikipiga vigelegele, peke yangu, hakuna wa kunipokea.

Nikaoga, nikavaa kile kitenge chako cha ndege, nikaenda kwenye baraza la sungusungu. Mwenyekiti akasema, "Soma barua. La kwako usitie." Nikasoma. Ilipofika pale kwenye ng'ombe na mchungaji, watu wakasogea karibu, maana ng'ombe wanawajua. Wazee waliacha hata kunusa ugoro. Nikajua nimeshinda. Halafu nikaliona lile neno linakuja, "labda". Dada, ningeweza kuliruka. Nani angejua? Nusu yao hawasomi, nusu hawakuwa na miwani. Lakini mtoto amepoteza cheti kwa kukataa kutoa maneno yake kitabuni, halafu mimi mama yake niyatoe mdomoni? Nikalisoma, tena kwa sauti.

Nkwabi akaruka. "Labda! Mmesikia? Labda! Hata mwenyewe hana hakika!"

Mke wake akadakia, "Na kama kule halipo, si litakuwa limeletwa huku?"

Mwenyekiti naye, anatabasamu kabisa, akauliza watu, "Mtu amekwenda kutafuta kitu miaka minne, anarudi anasema hakipo. Mtamkagua mifuko au hamtamkagua?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Hapo ulimi ukanitoka. Nikasema, "Nkwabi, josho halina dawa tangu mwaka juzi. Kupe wamejaa kwenye masikio ya ng'ombe wako kama mtama kwenye suke. Unawaruka kupe unaowaona, unamkamata mchawi usiyemwona. Ng'ombe unao, lakini hujawajua!"

 Kijana mmoja wa Nkwabi nilimwona anaangalia chini, nadhani yeye ndiye huwatoa kupe. Mwenyekiti akasema neno moja tu, "Ameongea." Basi kesi ikawa mbili, ya giza na ya kutia la kwangu. Tangu siku hiyo watoto wakiniona njiani wanaimba, "Mama Labda, Mama Labda, muhogo umeiva? Labda!" Na mama zao wanawasahihisha mdundo.

Sasa hukumu yao ni hii. Limepangwa baraza la mwisho. Nisimame katikati, nimkane Mihayo kwa jina lake, niseme si mwanangu, na kuanzia hapo niitwe Mama Limi. Nikikubali, mashine itasaga, duka litauza, na Baba Mihayo anaweza kurudisha ng'ombe. Nikikataa, mimi na Limi tunatoka Kabungu siku ile ile, na nyumba inabomolewa tukiangalia. Tena siku wameichagua makusudi, kwa sababu wanajua treni ya Mihayo itakuwa imeshafika Mpanda. Nkwabi alisema, "Nataka asikie kwa masikio yake."

Limi aliniambia, "Mama, sema tu. Kaka ataelewa."

Nikamwambia, "Najua ataelewa. Anaelewa kila kitu huyo, mpaka nyota. Ndiyo maana sitasema."

Kwa hiyo sitamkana, na hilo nakuandikia lisije likakushangaza njiani. Nawaita ninyi wa nyumbani kwa sababu ndugu wa damu wanaruhusiwa kusimama nyuma ya mtu wao. Nyuma ya Nkwabi utasimama ukoo mzima. Nyuma yangu mpaka leo yupo Limi. Msije na sura za msiba. Mwenye viatu avae viatu, na wewe jifunge kile kilemba cha harusi. Wakitubomolea, watubomolee sisi wengi, na Mihayo akishuka kwenye treni akute mama yake hakusimama kama kisiki shambani. Njooni na magunia ya kufungia vyombo pia. Sijifichi, nadhani tutayahitaji.

Msalimie kaka yetu Shija, mwambie redio yake aiache nyumbani, aje na sauti yake. Wifi yangu fundi cherehani, mwambie gauni alilomshonea Limi bado linamkaa. Baba mdogo asisafiri, kifua chake hakitaiweza safari, ila aniombee. Na yule binti yako mwalimu, nampa salamu za peke yake. Nilimsema vibaya kule mashineni siku ile ya kujisifu, bila kumtaja, lakini nilikuwa namfikiria yeye. Anisamehe, na aje, kama shule itamruhusu.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na jina lingine,

Mama Mihayo.

Treni mtaikamata Tabora, msilale usingizi mkapitishwa Kaliua mkaelekea Kigoma. Baraza ni asubuhi kwenye uwanja wa mnada, nanyi nyote nawatarajia Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane.