Setilaiti Isiyofika Tabora

Jumanne. Vumbi hewani tangu asubuhi, majengo ya mbali hayaonekani. Joto lilelile.

Redio ya setilaiti iliyomo kwenye gari langu haifanyi kazi Dubai, haijawahi kufanya kazi na haitafanya. Hayo yamesemwa leo saa saba na nusu mchana na Khamis, fundi wa redio za magari mwenye duka dogo mtaa wa Karama. Nimethibitisha kwenye kitabu cha gari, mwisho wa sura ya redio: huduma hiyo ni ya Marekani na majirani zake. Kitabu kimekaa kwenye droo ya gari miezi minane. Sikuwahi kukifungua.

Nimeandika habari kwa miaka ishirini na sita, kumi na miwili ya mwisho hapa, kwenye jarida la bandari na mizigo. Naweza kukwambia meli gani imechelewa na kwa nini. Kitabu cha gari langu sikukisoma.

Gari lilitoka Marekani, kama mengi yanayouzwa huku yakiwa yametumika. Kwenye dashibodi kuna kitufe cha setilaiti. Ukikibonyeza, kioo kinaandika kwamba kinatafuta mawimbi. Kinatafuta tu. Wiki niliyolinunua nilimpigia baba Tabora, na kwa kuwa mazungumzo yetu ya simu huisha kabla hayajaanza, nilitafuta kitu cha kumwambia.

"Lina hata redio ya setilaiti," nikasema.

"Setilaiti? Ile ya juu kabisa?"

"Hiyohiyo."

"Basi unashika dunia nzima."

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeripoti kitufe, si redio. Nikamwacha aripoti mengine mwenyewe.

Baba ni mtu wa salamu. Alikuwa gadi wa treni, na tangu astaafu yumo kwenye klabu ya watuma salamu wa redio moja ndogo ya mjini kwetu. Ananunua kadi kibandani, anajaza majina ya anaowasalimu, anachagua wimbo, anaandika ujumbe, kisha kadi inasomwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Jina lake la redioni ni Bendera ya Kijani, ile aliyokuwa akiipunga treni iondoke. Mtu ambaye mezani husema maneno kumi, kwenye kadi anaandika mpaka pembezoni.

Jumamosi iliyofuata alipiga yeye. Hilo peke yake lilikuwa habari.

"Ulisikia?"

"Nini, baba?"

"Salamu! Si una setilaiti? Nimekutumia, wamesoma vizuri, na wimbo wamepiga wote."

Nilikuwa nimeegesha mbele ya duka la mboga mtaa wa Al Twar, injini inanguruma, kioo kinatafuta mawimbi. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye miaka arobaini. Nikasema nimesikia.

Huo ndio uongo wa kwanza. Uliofuata ulikuwa rahisi zaidi, na baada ya hapo sikuhesabu tena kama ni uongo. Kila Jumamosi saa tano za huku simu inalia. "Ulisikia?" "Nilisikia." "Basi. Haya, mama, wasalimie." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Na kila mara anamaliza kwa kutuma salamu kwa watu wa kwangu, ingawa anajua naishi peke yangu. Hakuna wa kusalimiwa. Huwa namjibu kwamba zimefika.

Sasa niandike kilichonipeleka kwa Khamis.

Jumamosi iliyopita alipiga kama kawaida.

"Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Unasemaje?"

Hilo hakuwahi kuuliza. Nilikuwa naosha vikombe. Nikasema, "Ni sawa, baba."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Haya. Nitawaambia." Akakata, bila kuwasalimia watu wa kwangu.

Nilikuwa nimekubali jambo, na sikujua ni jambo gani. Wala sikujua ni nani watakaoambiwa. Jumapili sikumpigia. Jumatatu nayo sikumpigia. Kumuuliza nimekubali nini kulikuwa sawa na kukiri kwamba tangu mwanzo sijasikia kitu. Badala yake nikajiambia nitengeneze redio kwanza. Mtu mwenye akili zake aliwaza hivyo, na mtu huyo ni mimi: nikilipia setilaiti, Jumamosi ijayo nitasikia kweli, na uongo utakuwa umekwisha bila mtu kuutangaza.

Khamis amezaliwa hapahapa Dubai, lakini Kiswahili chake ni cha Unguja, cha bibi yake. Alibonyeza kile kitufe mara moja, akacheka.

"Bibie, hii setilaiti ya Wamarekani. Haikujui wewe, wala mie hainijui. Hata ukailipia, hapa haifiki. Khalas."

Nikauliza kama kuna njia nyingine. Akashusha rafuni kioo kikubwa cha kuweka kwenye dashibodi, kinachoshika redio za mtandaoni kwa laini ya simu. "Hichi ndo chako. London utapata, Cairo utapata, Unguja utapata."

"Tabora?"

"Tabora redio gani?"

Nikamtajia. Tukatafuta pamoja, yeye akiandika, mimi nikimrekebisha herufi. Hakimo. Ni kituo cha mnara mmoja. Ukitoka mjini mwendo wa saa moja na nusu kwa gari, kinapotea.

"Na huko wataka kusikia nini hata uhangaike hivi?"

"Salamu."

"Za nani?"

"Zangu."

Nikamweleza, kwa ufupi, kama ninavyomweleza mhariri. Akaweka kioo chini.

"Mwandishi wa habari mzima! Wenye meli wakikudanganya wawaandika, kumbe nawe mwongo. Watu husema njia ya mwongo fupi. Yako imefika miezi minane, mashallah."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Kioo nikufungie, nisikufungie?"

"Usinifungie."

"Hasara yangu. Yalla, mpigie mzee."

Sikumpigia mzee. Nilifanya ninachofanya siku zote: nikatafuta chanzo cha pili. Saa tisa nilipiga simu kituoni Tabora, nikiwa ndani ya gari, nikaomba mtangazaji wa salamu. Anaitwa Neema. Nilipotaja jina langu akapaza sauti.

"Tausi wa Dubai? Dada, hapa studio tunakujua! Baba yako huleta kadi kwa mkono wake, Alhamisi, na suruali imepigwa pasi. Ametusimulia gari lako mpaka rangi."

Nikauliza kama kadi ya Jumamosi bado ipo. Ipo. Nikamwomba anisomee. Akauliza, "Si uliisikia?" Nikamwambia nataka kuisikia tena. Hata kwake nilidanganya.

Akasoma kwa sauti ya hewani, kama anavyosomea watu wote:

"Mimi Bendera ya Kijani, salamu zimfikie binti yangu Tausi wa Dubai, anisikilize akiwa ndani ya gari lake. Ujumbe. Juma anataka nihamie kwake Dodoma, nyumba tuipangishe. Kwenye simu wewe hujibu haraka, ndiyo maana nakuuliza hapa, upate muda wa kufikiri njiani. Kama utarudi kuishi, nabaki nikulindie nyumba. Kama hurudi, nihame. Nikikupigia niambie: nihame?"

Juma ni mdogo wangu. Nyumba ni ile baba aliyoijenga karibu na reli, aliyobaki nayo peke yake tangu mama afariki.

"Kanuni hairuhusu ujumbe mrefu hivyo," Neema akasema. "Lakini nilisoma wote. Mzee alikuwa amekaa hapo nje kwenye benchi."

Nilimshukuru. Nikazima injini, nikaiwasha tena kwa sababu ya joto.

Niandike ukweli mwingine nikiwa bado nina nguvu ya kuuandika. Kiswahili ninachozungumza kwa siku kinatosha kwenye karatasi ya risiti. Asubuhi Wafula, mlinzi wa jengo letu, huniambia "Sasa madam, uko poa?" nami humjibu niko poa. Jioni tunarudia. Kazini naitwa madam. Jina langu halitamkwi na mtu yeyote kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Garini husikiliza kituo cha Kimalayalam, lugha nisiyoijua hata neno moja, kwa sababu watangazaji wake wawili hucheka sana asubuhi. Sijui wanacheka nini. Nimezoea kucheka nao kidogo nikifika kwenye mzunguko wa barabara karibu na ofisi.

Wakati huohuo kulikuwa na mtu aliyepiga pasi suruali kila Alhamisi ili jina langu litamkwe redioni.

Saa kumi na mbili jioni nilimpigia. Nilisimama katikati ya sebule, nisijue kwa nini sikukaa.

"Baba, simamisha habari ya kuhama."

"Juma anakuja Jumapili. Vyombo nimeshafunga."

"Ile kadi sikuisikia."

"Ulisema ulisikia."

"Nilidanganya. Redio ya gari haifiki huko. Sijasikia hata kadi moja."

Kwa mbali kuku wa jirani yake walikuwa wakigombana.

"Hata ile ya Idi?"

"Hata ile ya Idi."

"Ile niliyomtaja mama yako?"

"Sikuisikia, baba."

Nilisubiri ahamaki. Baba hakuhamaki. Aliuliza, taratibu kabisa, kama anayetaka kujua treni imepita saa ngapi:

"Sasa nilikuwa naongea na nani?"

Nimewauliza watu maswali magumu maisha yangu yote na nimewaona wakitazama sakafu. Nilitazama sakafu.

"Tabora nzima imesikia," akasema. "Kibandani wananiuliza binti amejibu nini. Wewe tu ndiye hukusikia."

"Basi nikujibu sasa hivi..."

"Hapana. Kwenye simu wewe husema sawa. Hujawahi kuniambia neno lingine kwenye simu. Niandikie kadi. Ukimtumia Neema wa redioni maneno, ataijaza. Nitakusikia Jumamosi."

"Na Juma?"

"Juma nitamwambia asubiri redio." Kisha: "Haya, mama. Wasalimie."

Mara hii sikusema zimefika. Nilimwambia hapa hakuna mtu, baba. Niko peke yangu.

"Najua," akasema, akakata.

Kumbe alikuwa anajua.

Kwa hiyo, kuhusu redio ya setilaiti kwenye gari: haifai. Kioo cha Khamis nacho sikitaki. Uamuzi huo umechukua dakika moja. Huu mwingine umenikalisha mezani tangu nilipoweka simu chini, na tayari ni saa mbili.

Fomu ya kuongeza mkataba iko hapa mbele yangu, ilipokaa tangu wiki iliyopita. Mkataba wa sasa unaisha baada ya miezi mitatu. Miaka mingine yote nimekuwa nikisaini siku ileile ninayopewa, nikiwa nimesimama, kama ninavyomjibu baba kwenye simu. Nimejaribu kuandika sababu za kubaki. Kazi naijua. Mshahara unafika. Nikasimama hapo, nikagundua hakuna hata mtu mmoja kwenye orodha. Sababu za kurudi nazo si nyingi: nina miaka hamsini na mitatu, Tabora hakuna jarida la bandari kwa kuwa hakuna bandari, na nyumba ile ina mtu mmoja asiyeongea isipokuwa redioni. Naweza kujuta. Hilo pia nimeliandika.

Lakini ameniuliza swali, na ameniuliza kwa adabu kuliko ninavyostahili.

Kwenye kazi yetu kosa husahihishwa palepale lilipotangazwa. Nimeandika kadi. Nimekata maneno mara tatu, maana Neema akivunja kanuni mara ya pili atafukuzwa. Imebaki hivi:

Mimi Tausi wa Dubai, salamu zimfikie baba yangu, Bendera ya Kijani, akiwa nyumbani kwake. Wimbo achague yeye. Ujumbe: Usihame. Mkataba wangu unaisha baada ya miezi mitatu na sikuuongeza. Fungua vyombo.

Nimeandika "sikuuongeza," na hadi dakika hii hilo bado si kweli. Sitaki asikie uongo mwingine kutoka kwangu, hata wa siku mbili. Kwa hiyo mpangilio ni huu. Kesho Jumatano saa tatu asubuhi nairudisha fomu kwa mkuu wangu bila saini. Nikitoka ofisini kwake namtumia Neema maneno ya kadi, kabla kadi hazijafungwa Alhamisi mchana.

Itasomwa Jumamosi saa tatu asubuhi, saa nne za huku. Sitaisikia. Saa tano nitakuwa karibu na simu.